Maswali na Majibu: Herufi ya Anga ni Ahadi ya Huduma

Mimi ni rubani mwanafunzi. Nilikuwa katika anga ya daraja D, nikiongea na mnara, lakini nilikaribiana na ndege nyingine bila kuelekezwa pembeni. Kwa nini?

Anga hupangwa kwa madaraja, herufi A hadi G, kulingana na huduma ambayo waongoza ndege wanaahidi kutoa. Ulikuwa unaongozwa, lakini hukuwa unatenganishwa na kila ndege, yaani mwongoza ndege hakuwajibika kukuwekea umbali salama na kila mmoja, na tofauti hiyo hupuuzwa mno madarasani. Katika daraja A huruhusiwi kuruka kwa kutegemea macho, na ndege zote hutenganishwa. Katika B unaruhusiwa, na unatenganishwa na wote. Katika C unatenganishwa na wanaoruka kwa vyombo, yaani kwa kufuata vipimo vya ndani ya ndege badala ya kuona nje, ila kuhusu wenzako wa macho unapewa taarifa tu. Ukifika D, ni taarifa tu kuhusu wote. Utasikia redioni kwamba kuna ndege mbele yako kulia, maili tatu, futi 2,500. Kuitafuta huku jua linakupiga machoni, kisha kuikwepa, ni kazi yako.

Daraja G ni anga huru. Naweza kuzima transponda, kifaa kinachoitangaza ndege yangu kwa rada na kwa ndege nyingine?

Swali hili nimeshalijibu mara nyingi: usiizime. Daraja G halihitaji kibali cha mwongoza ndege, lakini kanuni za anga zinakufuata hadi huko, na mfumo wa kuzuia migongano uliomo katika ndege kubwa hauwezi kuigundua ndege ambayo transponda yake imezimwa.

Uwanja wetu mdogo umeanza kupokea ndege za abiria. Kwa nini anga yake isipandishwe daraja mara moja?

Kwa sababu herufi ni ahadi ya huduma, na ahadi hiyo hutimizwa na watu. Kiambatisho cha 11 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataka uamuzi wa kutoa huduma uzingatie aina ya safari, wingi wake na hali ya hewa, na kinakataza kutumia mfumo wa kuzuia migongano wa ndege zenyewe kama kisingizio cha kutotoa huduma. Kwa hiyo, kabla ya kudai herufi mpya, ulizeni zamu ya usiku ina waongoza ndege wangapi wenye leseni.

Mgongano wa helikopta ya jeshi na ndege ya abiria huko Washington, Januari 29, 2025, ulioua watu 67, ulitokea usiku katika anga ya daraja B, ambayo ni miongoni mwa zinazolindwa zaidi Marekani. Wanajeshi waliokuwa katika helikopta walisema wanaiona ndege ya abiria, wakaomba kujitenganisha nayo kwa macho, wakakubaliwa; mnarani, mtu mmoja alikuwa akiongoza ndege na helikopta kwa pamoja. Herufi ilikuwa nzuri. Mzigo wa mwongoza ndege aliyeketi nyuma ya herufi hiyo ndio uliozidi.

Naweza kurusha droni karibu na uwanja wa ndege kupiga picha za harusi?

Si bila kibali cha mamlaka, hata kwa dakika tano.

Nani humkagua anayeongoza ndege?

Serikali, kupitia mdhibiti wake. Tanzania, Mamlaka ya Usafiri wa Anga hudhibiti na papo hapo hutoa huduma za kuongoza ndege. Afrika Kusini iliikabidhi kazi hiyo ya uongozaji kwa kampuni ya umma mwaka 1993, nami ninapendelea njia hiyo, kwa kuwa mkaguzi aliye nyumba moja na mkaguliwa, akiandika kwamba zamu ina watu pungufu, barua yake hufika kwenye meza ya mkuu yuleyule aliyepaswa kuwaajiri.