Jibu: Shoo ya jioni Griffith na mtoto wa miaka 4

Habari ndugu, pole na mizunguko. Kama nimekuelewa, umekwama kwa nini mwanao haruhusiwi shoo ya jioni, ile ya nyota zinazoonyeshwa kwenye dari la kuba, pale Griffith Observatory, kituo cha kutazama anga cha Los Angeles, wakati umesikia kiingilio ni bure.

Anza na umri, walio chini ya miaka 5 wanaingia shoo ya kwanza ya siku tu. Na bure ni jengo na viwanja, shoo ya kwenye kuba ina tiketi, halafu mlango ukishafungwa aliyechelewa haingii.

Mi ningekuwa wewe ningempeleka kwenye darubini. Kule juu kwenye paa kuna darubini ya Zeiss yenye lenzi ya upana wa inchi 12, ipo tangu 1935, jioni anga likiwa safi wanafungua na hulipi chochote, ila wahi foleni, na Jumatatu wanafunga. Mzoeshe kwanza nyumbani kuchungulia kwa jicho moja, tumia hata ule mrija wa boksi wa ndani ya toilet paper, maana watoto wadogo wakifika pale wanahangaika na macho yote mawili na hawaoni kitu. Na chagua siku Mwezi ukiwa nusu, mashimo yake yanaonekana vizuri sana pale kivuli kinapoishia, ukiwa mpevu yanafifia.