Maswali yenu mwezi huu: kraki, ya kulipia au ya bure?

SWALI: Habari za kazi. Mimi nachora nembo na mabango, miaka 6 sasa natumia Photoshop na Illustrator, programu za kuchora za kampuni ya Adobe, ila za kraki, yaani zilizovunjwa kufuli zitumike bila kulipia. Nilianza nazo sina hata mteja mmoja nikasema nikishika hela nitalipia, hela zikaanza kuja nikaona mbona inafanya kazi tu, ya nini nijitoe. Juzi mdogo wangu kaniambia mbele za watu kwamba mimi ni mwizi. Niliumia, maana mimi mwenyewe mteja akichukua sampo yangu akaitumia bila kunilipa silali. Lakini kampuni yenyewe tajiri kupindukia, nisipolipa mimi wanapungukiwa nini? Na GIMP, ile programu ya bure ya kuhariri picha, nimeijaribu siku moja nikaichukia. Nifanyeje?

JIBU: Pole dada yangu, kusemwa na mdogo wako mbele za watu kunauma na mi sitalirudia neno lile. Ila barua yako nimeisoma mara mbili na hiyo habari ya sampo ndo imenikaa kichwani, maana hapo umejijibu kabla hujaniuliza. Aliyeandika programu na aliyechora nembo wote wanauza kitu ambacho kukinakili ni sekunde na kukitengeneza ni miaka. Kisheria ndo hivyohivyo, mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani ulioanza 1995 unailinda programu ya kompyuta kama kazi ya maandishi, yaani sawa na kitabu, na hauulizi kwanza mwandishi ana hela kiasi gani. Halafu huo utajiri kampuni za programu hazikuzaliwa nao. Februari 1976 Bill Gates aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta akilalamika kwamba wengi wao wanatumia BASIC, programu ambayo Microsoft iliiandikia kompyuta ya Altair, bila kuinunua, wakati huo ni kijana wa miaka 20 na Microsoft haijatimiza hata mwaka. Kwa hiyo hiyo ya "wao matajiri" siikubali, ingekuwa sawa basi siku we ukifanikiwa wateja wangekuwa na haki ya kuacha kukulipa.

Sasa tuje kwenye GIMP. Siku moja, dada yangu! Illustrator umeipa miaka 6 mpaka vidole vinajua vyenyewe kila kitufe kilipo, GIMP ukaipa siku moja na ukaitaka ifanane. Mazoea yana taabu, na mi naamini wengi wanaosema hawana hela ya kulipia, kinachowashika kwenye kraki ni mazoea. Tena uliianza pabaya, kwa sababu GIMP ni ya picha na we kazi yako kubwa ni nembo. Nembo inataka mistari, ile ambayo ukiikuza mpaka saizi ya ukuta haivunjiki, na hiyo ni kazi ya Inkscape, ipo tangu 2003 na ni bure. Usianze na kazi ya mteja, utapaniki. Chukua nembo moja uliyokwisha kuiuza, ile unayoipenda kuliko zote, kaa uichore upya kwenye Inkscape kuanzia mstari wa kwanza. Utakasirika, kalamu yake inashikika tofauti na uliyoizoea, ila ukimaliza ya tatu utakuwa unajua unachokosa kweli na unachokidhani tu.

Kitu utakachokikosa kweli ni rangi za uchapaji, zile CMYK, huko Inkscape na GIMP bado ni dhaifu, wenzako wengi wanapitisha kazi ya mwisho kwenye Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, ndo wanatoa PDF ya kiwandani. Na GIMP usiifute, 3.0 imetoka Machi 2025 na sasa ukiweka filta unaweza kurudi kuibadilisha baadaye, zamani ilikuwa ukishaweka imeganda. Lakini kama wateja wako wanakutumia mafaili ya PSD (ya Photoshop) na AI (ya Illustrator) kila siku na wanataka warudishiwe hivyohivyo, lipia, na hiyo gharama iingize kwenye bei unayomtajia mteja kama unavyoingiza wino na usafiri. Adobe tangu 2013 wamehamia kwenye malipo ya kila mwezi, ila soma vizuri kabla hujabofya, kuna mpango wa mwezi kwa mwezi na kuna wa mwaka unaokatwa kidogokidogo kila mwezi, huu wa pili ukiuvunja katikati unatozwa.

SWALI: Kaka mi natumia kraki miaka na miaka na sijawahi kupata kirusi hata kimoja. Antivirusi ikipiga kelele naizima, maelekezo yenyewe yanasema usiogope ni kawaida. Hivi virusi si mnatutisha tu?

JIBU: Ndugu yangu, fungua lile faili la maelekezo ulisome polepole kama vile ndo mara ya kwanza. Moja, zima intaneti. Mbili, zima antivirusi. Tatu, bofya kulia, fungua kama administreta. Yaani mtu usiyemjua jina wala sura anakwambia muondoe mlinzi, fungua geti, nipe funguo zote, na we unatii hatua kwa hatua. Ni kweli kuna kraki ambazo antivirusi inazikamata kwa vile tu ni kraki wala hazina kirusi, hilo nakubali, shida ni kwamba we kwa macho huwezi kujua ipi ni ipi. Na unaposema hujawahi kupata, hivi vya siku hizi vingi havijitangazi, vinabeba paswodi zote ulizohifadhi kwenye brauza, vinaondoka, kompyuta inabaki inafanya kazi kama jana.

Ngoja nikwambie nilichokiona. Rafiki yangu alinipigia saa tano usiku, picha hazifunguki. Nikaenda. Kila faili mkiani limeongezewa herufi nne tusizozijua, na ndani ya kila folda kuna karatasi moja mpya inaitwa _readme.txt, inadai dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 unapunguziwa iwe 490. Ni kirusi kinachofunga mafaili mpaka ulipe, kinaitwa STOP, wengine wanakiita Djvu, na njia yake kubwa ya kuenea ni hizihizi kraki. Oktoba 2019 Emsisoft, kampuni ya antivirusi, walitoa programu ya bure inayofungua mafaili yaliyofungwa na aina 148 za kirusi hicho, tukaijaribu, ikakataa, kwa sababu kirusi chake kilikuwa cha aina mpya na ufunguo upo kwenye seva ya wenye kirusi. Kilichotuokoa kidogo ni kwamba kinafunga KB 150 hivi za mwanzo za kila faili, kwa hiyo video ndefu kadhaa tuliweza kuzitengeneza. Picha na mafaili ya Word yaliondoka, na humo kulikuwa na picha za mtoto wake tangu siku aliyozaliwa, bakapu hana. Nilikaa naye mpaka alfajiri anafungua folda moja baada ya nyingine kama kuna moja iliyosahaulika. Na alichokuwa anakitafuta alipodanlodi ile kraki ni kukata video ya dakika 3, kazi ambayo Shotcut au Kdenlive inaifanya bure kabisa!

SWALI: Hakuna cha bure duniani. Hizo programu za bure si ndo zinauza taarifa zetu?

JIBU: Zipo zinazofanya hivyo, ndo maana uangalie ni bure ya namna gani. Kuna bure ya kampuni inayoishi kwa matangazo, na kuna bure ya msimbo ulio wazi, ambapo yeyote anaweza kuisoma ilivyoandikwa, kuibadilisha na kuigawa, na ikifichwa hila kuna macho mengi yenye nafasi ya kuiona. Na hizi za pili nazo kuna mtu anazigharamia. Blender, programu ya kutengeneza katuni za 3D, ilikuwa mali ya kampuni, kampuni ikafa, 2002 mwanzilishi wake Ton Roosendaal akaomba michango watu wainunue iwe ya wote, zikapatikana euro 100,000 ndani ya wiki saba hivi na tangu mwaka huo ipo wazi. Filamu ya katuni Flow kutoka Latvia imetengenezwa kwa Blender na ikachukua Oscar 2025, kwa hiyo lile neno la watu kwamba "za bure ni za wanafunzi" tuliache. Ukiitumia ukaingiza hela, wachangie chochote, ndo inavyoendelea kuishi.

SWALI: Nimeamua kuacha, kraki zote nimeshaziondoa. Inatosha? Na Word niibadilishe na nini?

JIBU: Hongera mdogo wangu, ila haitoshi. Kuiondoa programu hakuondoi kilichoingia nayo. Hamisha mafaili yako kwenye diski ya nje, nyaraka na picha tu, usibebe instola (faili la kusakinishia programu) hata moja, halafu futa kompyuta yote uweke mfumo endeshi upya, uuchukue kwa mtengenezaji wake mwenyewe. Paswodi badilisha zote, anza na ya barua pepe, na uzibadilishie kwenye kifaa kingine wala sio hiyohiyo kompyuta kabla haijasafishwa.

Kwa Word weka LibreOffice. Mara ya kwanza ukifungua kazi yako ya zamani unaweza kukuta kurasa zimesogea, kilichokosekana mara nyingi ni fonti. Hakikisha una Carlito na Caladea, hizo ni fonti ambazo herufi zake zina upana uleule wa Calibri na Cambria za Word na mistari mingi itarudi mahali pake. Na ukimtumia mtu kazi ya kusoma tu, mtumie PDF, ya kuhariri ndo umtumie docx.