Plagi na Waya za Trekta za Magneto: Maswali ya Wasomaji

Trekta yangu, Farmall H, imekuwa ngumu kuwaka asubuhi tangu nilipofunga plagi mpya za cheche zenye herufi R. Je, kosa ni la plagi? (Msomaji, Njoro)

Huenda likawa lao. Herufi R, ambayo kampuni ya plagi ya Champion huiweka mwanzoni mwa nambari na ile ya NGK katikati, huonyesha kwamba ndani ya plagi mna kizuizi cha umeme, kwa kawaida cha omu 5,000 hivi, kilichotiwa ili cheche zisivuruge redio. Magneto, kifaa kinachotoa umeme wa cheche, haitegemei betri. Huzalisha umeme wake kwa mzunguko wa sumaku, na unapopiga hendeli mzunguko huo ni wa polepole, hivyo umeme huwa haba wakati ule ule unapohitajika zaidi. Tafuta plagi zisizo na R, zenye uzi na urefu ule ule, kisha pima nafasi ya ncha: trekta nyingi za magneto hutaka takriban inchi 0.025, yaani milimita 0.6.

Kabla ya kutoa pesa, hata hivyo, weka gia huru, zungusha hendeli taratibu na usikilize magneto. Inapaswa kutoa mlio mkavu wa springi inayofyatuka, ambayo kazi yake ni kuisukuma sumaku kwa kasi wakati wa kuwasha. Usipousikia mlio huo, mpelekee fundi magneto, si plagi. (Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kwa maana hendeli ikirudi nyuma huvunja mkono.)

Naweza kutumia waya za plagi za gari dogo? (Msomaji, Ahero)

Nakushauri usitumie. Nyingi zina uzi wa kaboni ndani, ambao nao ni kizuizi, na katika vifuniko vya magneto ambavyo pini huchoma katikati ya waya, kaboni haishikani nayo vizuri. Nunua waya wa shaba wa kukatwa kwa mita, uusukume hadi mwisho wa tundu lake. Zile za zamani zichunguze usiku injini ikiunguruma: palipopasuka, hasa kukiwa na unyevu, utaona cheche zikirukia chuma.

Plagi zangu hujaa masizi makavu, na fundi asema nifunge za moto zaidi, yaani zinazobaki na joto zaidi nchani. (Msomaji, Molo)

Anza na karabureta. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo karabureta iliyorekebishwa bondeni humwaga mafuta kupita kiasi. Punguza kwa sindano yake, kidogo kidogo, trekta ikiwa na mzigo. Masizi yakibaki, panda daraja moja tu la joto, ukikumbuka kwamba nambari ya Champion ikipanda plagi ni ya moto zaidi, ilhali ya NGK ikipanda ni ya baridi zaidi. Wauzaji wengi wa vipuri hulichanganya jambo hili.

Je, haya yanaihusu Ferguson TE20 ya petroli? (Msomaji, Kitale)

Kwa kawaida hapana, kwa kuwa hiyo hutumia koili na betri badala ya magneto. Fuata kipimo cha kitabu chake.