Mdogo wangu wa Tabora, usiikate siku ya pili ya Horombo

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa binti mmoja wa Tabora. Ananiita mwalimu, ingawa sijawahi kumfundisha. Aliziona picha zangu za Februari nikiwa kilele cha Uhuru, juu ya Kilimanjaro, na mwezi wa tisa anataka kwenda yeye na wenzake watatu wa kazini, kwa njia ya Marangu, ile ya kulala kwenye vibanda. Swali lake lilikuwa moja tu: "Mwalimu, wametupa bei ya siku tano na bei ya siku sita. Zimepishana karibu laki mbili. Hiyo siku moja inafanya kazi gani?"

Nilianza kumjibu kwenye simu nikashindwa kumaliza. Swali hilo mimi nimelilipia. Acha nilijibu hapa kwa urefu wake, maana najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo na mnapigiwa hesabu hizohizo.

Nimezaliwa Ujiji. Nimefundisha jiografia hapa Kigoma kwa miaka 14, na kila mwaka nimechora Kilimanjaro ubaoni: vilele vyake Shira, Kibo, Mawenzi, na ule urefu wake, mita 5,895, nauandika kwa chaki nyekundu. Siku moja mwaka 2021 mtoto wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, wewe umefika?" Darasa zima likanyamaza likisubiri. Nikasema bado. Neno hilo lilinikaa kooni mpaka nikafika nyumbani.

Mwaka uliofuata tukajikusanya watu tisa wa kikundi chetu cha mazoezi ya asubuhi. Mweka hazina nilikuwa mimi. Nilikusanya michango, nikachapisha bango kwa pesa yangu, na mimi ndiye niliyezungumza na wakala. Nilimuuliza swali lilelile la binti wa Tabora. Akanijibu kwa kujiamini: "Siku ya sita ni ya wazungu, Mwalimu. Nyie wa Kigoma mmezoea milima." Nikafurahi. Nikarudi kwa wenzangu nikiwaambia nimewaokolea hela.

Hiyo milima tuliyoizoea tuitazame vizuri. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari. Nkungwe, mrefu kuliko yote kule Mahale, unaishia mita 2,462. Kibanda cha kwanza cha Marangu, Mandara, kiko mita 2,700 na ushee. Kwa hiyo mtu wa Kigoma, usiku wa kwanza tu, analala juu kuliko Nkungwe. Usiku wa pili Horombo, mita 3,720. Usiku wa tatu kibanda cha Kibo, takriban 4,700. Mita elfu moja kila siku, mfululizo, na usiku huohuo wa tatu unaamshwa uende 5,895, ambako kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Namba hizi zote zilikuwa za somo langu mwenyewe. Nilizifundisha, sikuzipigia hesabu kwenye mwili wangu.

Tulifika Kibo alasiri. Ni jengo la mawe katikati ya jangwa, vitanda vya ghorofa vimepangwa ukutani, na maji hakuna. Hata ya chai wapagazi huyabeba kutoka chini. Kichwa kilikuwa kinanibana tangu mchana, chakula hakikukaa tumboni, lakini hilo nililificha, maana mweka hazina hawezi kuwa wa kwanza kulalamika. Jioni nikakaa kitandani nijaribu kufunga kamba za viatu. Nilizishika, nikazitazama, vidole havikujua kinachofuata ni nini. Nikafunga fundo, likafunguka. Nikafunga tena, likafunguka. Mwongozaji msaidizi, kijana wa Marangu, alikuwa amesimama mlangoni akiniangalia. Akaniambia nisimame nitembee kwenye ufa wa sakafu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu niliangukia ukuta. Hakubishana nami wala hakunibembeleza. Akasema, "Mama, tunashuka sasa hivi," akabeba begi langu.

Ilikuwa saa mbili usiku. Mtu akianza kupepesuka hivyo huko juu, ubongo unaweza kuwa umeanza kuvimba, na tiba ya kwanza ni kushuka saa hiyohiyo, hata kama ni giza. Kijana yule aliniokoa, namwombea dua kila Ijumaa. Lililoniumiza ni jingine. Wenzangu wanane walikuwa wamelala chumba hichohicho, macho wazi, na hakuna aliyenyanyuka kusema pole. Mmoja alisema, kwa sauti ya kunifikia, "Afadhali ashuke, asije akatuchelewesha."

Watatu kati yao walifika Uhuru. Picha yao na bango langu ilizunguka Kigoma nzima, jina langu halikuwemo. Shuleni nikaitwa Mwalimu wa Kibo. Nasema wazi, sentensi ile ya kitandani bado inaniuma kuliko kichwa kilivyoniuma.

Sasa nikujibu, mdogo wangu. Siku ya sita kazi yake ni kukulaza Horombo mara mbili. Siku ile ya katikati mnapanda taratibu hadi Mawe ya Pundamilia, ukuta wa mwamba wenye michirizi myeusi na myeupe, kwenye mita 4,000 hivi, mnakaa kidogo, kisha mnarudi kula na kulala palepale mlipoamkia. Panda juu, lala chini. Mwili unapata mchana mmoja na usiku mmoja wa kujifunza hewa nyembamba kabla hujaupeleka Kibo. Na hata hizo siku sita bado ni chache ukifuata ushauri wa madaktari. Mwenye nafasi na aongeze, mwenye siku sita asikubali kupunguziwa hata usiku mmoja.

Ukiniuliza ningeanza wapi kama ningeanza upya, ningeanza na mlima Meru. Nako ni kulala vibandani: Miriakamba mita 2,514, kisha Saddle mita 3,570, na kilele chake ni mita 4,560 na ushee. Mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Pale ungejua mwili wako unasemaje ukivuka mita 4,000 kabla hujatoa hela ya Kilimanjaro. Wengi wanaidharau Meru kwa sababu jina lake halitingishi mtandaoni. Acheni kutafuta majina.

Mazoezi nitayapitia haraka, maana kila mtu anayajua na wengi wanayaongelea kuliko kuyafanya. Kwa miezi minane, kila Jumamosi nilipanda gari hadi chini ya milima ya Kalinzi, nikapanda kwa miguu kupitia mashamba ya kahawa na begi la kilo 8 mgongoni, kisha nikashuka. Kushuka kuna maana yake, magoti yanakufa siku ya kushuka. Lakini sikiliza: Kalinzi ilinijengea miguu, haikunijengea mwinuko. Mazoezi hayana uwezo huo. Vijana wanaokimbia kilomita 10 kila siku nimewaona wakishushwa kwa machela ya gurudumu moja, wamefungwa mikanda kifuani. Mwinuko unaulizia siku tu.

Pesa niliipata kwa kuweka 60,000 kila mwezi kwa miezi 20, kwenye kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu, ili nisiiguse. Jaketi, suruali nzito na glovu nilivipata kwenye mitumba ya soko la Mwanga, vizuri kuliko vya kukodi. Viatu usikodi. Vinunue mapema, uvivae sokoni, uvivae kazini, mpaka mguu usahau kwamba ni vipya. Kamuone daktari kabla, umweleze presha yako na dawa zako, umuulize kuhusu Diamox, dawa ya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, na kama una mzio nayo. Mimi niliitumia kwa maelekezo yake, na bado nikalala Horombo mara mbili.

Kwa wakala, usitosheke na bei. Mwambie akuoneshe kwa maandishi mtalala kibanda gani usiku upi. Vibanda vina nafasi zake, na karibu na Desemba 9 hujaa watu wanaokwenda kusherehekea Uhuru, siku ambayo Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge na bendera kileleni mwaka 1961. Masika ya Machi hadi Mei pia yaache. Mwezi wa tisa wako ni mzuri, umechagua vizuri. Uliza tena wapagazi wanalipwa nini na wanabeba kilo ngapi. Mwisho ni 20. Wapagazi hao, wanaojiita wagumu, ndio watakaobeba maji yako hadi Kibo, na bakshishi yao uitenge kabla hujaondoka nyumbani, kwenye bahasha yake, usije ukaanza kuhesabu chenji getini huku mtu amesimama na viatu vilivyotoboka. Mwaka 2022 kikundi chetu kilihesabu chenji hivyohivyo getini. Nilikuwa nimelala kwenye gari nisijue, na niliposimuliwa nililia.

Safari ya Februari yenyewe: treni hadi Dodoma, mabasi hadi Moshi, hayo tuyaruke. Mandara tulilala msituni, mbega wakirukaruka juu ya mabati. Ila nilikuwa na sharti moja kwa kampuni hii mpya: wanitafutie yule kijana wa Marangu. Wakampata. Siku hizi ni mwongozaji mkuu, ana ndevu. Alinitambua getini, hakusema chochote kuhusu usiku ule mbele za watu, na kwa hilo tu ningempa bakshishi mara mbili.

Siku ya pili ya Horombo nilitamani isiishe. Tulirudi kutoka Mawe ya Pundamilia saa saba mchana, nikala wali wote, jua likapiga, nikakaa kwenye ngazi ya kibanda chetu nikitazama mawingu chini yangu kama ziwa letu asubuhi ya kiangazi. Kikundi kimoja cha siku tano kilipita na kupandisha moja kwa moja. Walitupungia mikono. Dada mmoja alikuwa anatembea ameshika paji la uso. Nilitaka kusimama nimwambie. Sikusema, ningemwambia nini asiyenijua? Kesho yake, nikiwa njiani kwenda Kibo, nilipishana naye akishushwa.

Usiku wa kilele, saa tano, kijana akaja kitandani kwangu na tochi ya kichwani. Akachuchumaa. "Mama, funga viatu nione." Nikafunga cha kulia. Nikafunga cha kushoto. Mafundo yote mawili yakashika mara ya kwanza. Akavuta kamba kuhakikisha, akanyanyuka, akasema, "Twende."

Kokoto zile zinaserereka, unapanda hatua mbili unarudi moja, na baridi iligandisha maji kwenye chupa yangu ya nje. Nilitapika mara moja juu ya pango la Hans Meyer, kijana akanitembeza tena kwenye mstari, nikanyooka. Jua lilitukuta Gilman's, mita 5,685. Wengi huishia hapo na ni kupanda halali kabisa, wasikudanganye. Mimi nilikuwa na nguvu za kuendelea, nikaendelea kama saa mbili kwenye ukingo wa kreta. Pale kwenye ubao wa Uhuru sikuwa na bango. Nilikuwa na kipande cha chaki nyekundu mfukoni, nikakishika nikapigwa picha. Ndiyo picha uliyoiona.

Kwa hiyo laki mbili zilipe, mdogo wangu. Kama hamna, ahirisheni hadi Januari mzitafute, Februari bado njia inakuwa kavu. Na mkubaliane nyote wanne, kabla ya kulipa, nani atashuka na mgonjwa, ili asishuke peke yake. Mimi Jumamosi hii napanda Kalinzi kama kawaida, gari linatoka Mwanga saa kumi na mbili asubuhi. Treni ya Tabora unaijua. Ukija, njoo na hivyo viatu vyako nivione.