Kabla hujamwangalia bibie mwenye gauni, geuza picha

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuandika ripoti za hali ya picha za kuchorwa, jamani. Nimepitia za kwenu, kila penye mabwana na mabibi wamekaa chini ya miti, kuna gitaa na kambwa, mmeandika "mtindo wa Watteau", yule mchoraji Mfaransa, mkaenda kunywa chai. Nawapenda lakini hapana.

1. Watteau ndo mwanzo, sawa, Akademia ya wachoraji ya Paris ilimpokea 1717 na ule mchoro wa mahujaji wa Cythera, kisiwa cha mapenzi. Ila wakaja wachoraji wenzake Lancret na Pater, halafu mtindo ukafika mpaka Vienna kwa Janneck na Platzer, na hawa wawili walipenda mno kuchora juu ya bamba za shaba. Lancret naye alizichorea, zile Nyakati Nne za Siku ziko National Gallery London, ya alasiri watu wanacheza trik-trak, mchezo wa kete na dadu, nje. Nendeni mkazione, simu haitoshi.

2. Shaba siyo turubai, yaani kitambaa cha kuchorea. Turubai linalegea na kukaza hewa ikibadilika, ndo maana rangi inapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Shaba hainywi rangi wala haivimbi kwa unyevu, mchoraji anaweka kope moja moja, lesi tundu kwa tundu, na mng'ao unabaki. Haya yote nilifundishwa darasani nikafaulu. Halafu mama mmoja mjane akaleta kapicha ka familia, watu bustanini, hariri inang'aa, nikakaangalia kwa mbele tu, nikaona hakuna nyufa, hakuna alama ya nyuzi, nikaandika nakala ya karne ya 19, basi. Mama aliniamini. Akauza kwa bei ya fremu maana alikuwa na ada ya mtoto ya kulipa. Baadaye fundi wa kutengeneza picha akaifungua kwenye fremu akageuza, shaba nene, alama za nyundo bado zipo, kazi ya Vienna ya enzi za Janneck kabisa. Nilimpigia mama simu mwenyewe, sikutaka aje asikie kwa mtu. Hakunifokea, aliuliza tu huyo mchoraji ni nani, na mimi koo likakauka. Kutofungua skrubu mbili za fremu kulimgharimu mtu ambaye hakuwa na cha kupoteza, na hilo linaniuma mpaka leo.

3. Si kila kijani kwenye majani ni rangi, mahali rangi imebanduka shaba inapata kutu ya kijani. Tochi ubavuni, lenzi mkononi.

4. Bamba halichaniki ila linabonyea, na likibonyea rangi inaruka vipande kwa sababu haina pa kung'ang'ania, ndo maana mafundi wa zamani waliikwaruza shaba na kuipaka kitunguu saumu kabla ya tabaka la chini. Mikono miwili, glavu, maji usiguse.

5. Platzer anajaza watu mpaka pembeni na rangi zake zinapiga kelele, Janneck ametulia zaidi. Ukishindwa kuwatenganisha andika "Vienna, katikati ya karne ya 18" uishie hapo, hakuna atakayekulaumu.

Ripoti zenu ziko mezani kwangu, nimeweka alama kwa penseli. Bisibisi iko droo ya juu, kila picha igeuzwe kabla ya Ijumaa na mniandikie nyuma kuna nini.