Tembe za Kupanga Uzazi, Uzito na Sukari

SWALI: Nina umri wa miaka 34, ni mama wa watoto wawili, na ninaishi Umoja, Nairobi. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikimeza tembe za kupanga uzazi, zile za pakiti yenye tembe 28, ambazo huzinunua katika duka la dawa karibu na steji. Tangu nianze nimenenepa hadi sketi zangu za kazini hazifungi, na kwa kuwa mama yangu mzazi ana kisukari, shangazi yangu anasisitiza kwamba tembe zinaniharibia damu nami nitaugua vivyo hivyo. Je, niache?

JIBU: Usiache, dada, kabla ya kupata njia nyingine, kwa maana mimba usiyoipangia ingetikisa sukari yako kuliko tembe hizo.

Pakiti kama hiyo kwa kawaida huwa na tembe 21 zenye homoni mbili, estrojeni na projestini, na 7 zisizo na homoni, ambazo mara nyingi ni za madini ya chuma. Homoni hizo hupitia kwenye ini, kiungo kinachosimamia sehemu kubwa ya matumizi ya mafuta na sukari mwilini, kwa hiyo shangazi yako hakubuni anaposema kwamba damu hubadilika. Estrojeni huongeza mafuta yaitwayo trigliseridi na papo hapo hupandisha kolesteroli nzuri, ilhali baadhi ya projestini, kama vile levonojestreli, huivuta kolesteroli hiyo chini. Insulini nayo, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, inaweza kupungua nguvu kidogo. Hata hivyo, kwa mwanamke mwenye afya mabadiliko haya ni madogo, na utafiti haujaonyesha kwamba tembe humletea kisukari. Isitoshe, tembe ya kwanza iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1960 ilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni, ilhali nyingi za leo zina 30 hivi.

Kuhusu uzito, wanawake waliopewa tembe walipolinganishwa na waliopewa tembe zisizo na dawa, hapakuonekana tofauti kubwa. Miezi ya kwanza mwili unaweza kushikilia maji, lakini miaka mitatu ya kukaa ofisini, kukwama kwenye msongamano wa Barabara ya Jogoo na kunywa chai ya saa nne kwa mandazi ningeishuku kwanza. Sindano ya miezi mitatu ni habari nyingine, kwa sababu baadhi ya wanaoichomwa hunenepa kweli.

Kinachonitia wasiwasi katika barua yako si sketi bali ni duka la dawa. Hukutaja popote kwamba kuna mtu aliyewahi kukufunga mashine ya presha mkononi, na bila shaka wengi wanaosoma jibu hili huuziwa pakiti dirishani bila kuulizwa neno. Estrojeni inaweza kupandisha presha pasipo dalili yoyote. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, presha ikiwa 140/90 au zaidi tembe za homoni mbili kwa kawaida hazipendekezwi, na ikifika 160/100 hazifai kabisa. Vilevile hazimfai aliyewahi kuganda damu mishipani, anayeumwa na kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, wala mvutaji sigara aliyetimiza miaka 35.

Kisukari cha mama yako hakikuzuii kuzitumia, ila kinakupa sababu ya kupimwa sukari asubuhi kabla ya kula. Kipimo cha 7.0 mmol/L au zaidi, kikirudiwa siku nyingine kikawa vivyo hivyo, ndicho kisukari. Presha ikipatikana iko juu, omba njia isiyo na estrojeni, kama vile kipandikizi, tembe za projestini pekee au koili ya shaba, ambayo haina homoni hata kidogo.

SWALI: Nina miaka 27 na nimeishi na kisukari kwa miaka minne. Je, tembe hizi zinanifaa? (Msomaji, Kawangware)

JIBU: Zinaweza kukufaa, mradi daktari athibitishe kwamba presha yako ni nzuri na kwamba macho, figo na neva hazijadhurika. Zikiwa zimedhurika, au ungekuwa umeugua kwa zaidi ya miaka 20, ningekuelekeza kwenye koili ya shaba. Ukianza tembe, pima sukari mara nyingi zaidi katika wiki za kwanza, na umwonyeshe daktari vipimo hivyo kabla ya kubadilisha dozi ya dawa zako.