Mashine ya kwanza ya kuchomelea: chukua inveta ndogo

Mkuu nimekupata, unataka kujifunza kuchomelea home, hela ya mawazo, na hujui uchukue inveta (ile mashine nyepesi ya kielektroniki) au ile transfoma nzito ya kusukwa mtaani. Chukua inveta ya fimbo, yaani inayochomea kwa vile vijiti vya chuma (elektrodi), inakubali umeme wa kawaida wa nyumbani na unaibeba kwa mkono mmoja. Ila usidanganyike na namba kubwa iliyobandikwa mbele, zile za bei chee amp (kiasi cha umeme wa kuchomea) zinazotoka mara nyingi ni pungufu, we ukiwa pale Kariakoo mwambie muuzaji awashe, chukua fimbo aina ya E6013 yenye unene wa 2.5 mm, weka amp kama 80, uchome mwenyewe, ukiona moto umetulia na fimbo haigandigandi basi hiyo inatosha kwa mageti na madirisha. Kibanio cha ethi, kile kinachobana chuma unachochomea, huwa kichekesho, badilisha mapema.

Hela isiishie kwenye mashine. Helmeti ya kioo cheusi namba 10 au 11, glavu za ngozi. Miwani ya jua ya machinga siyo kinga kabisa, usiku macho yatakuwasha kama yamemwagiwa mchanga, na yakizidi wahi hospitali. Mabati usiyachomee ndani, moshi wa zinki unaleta homa.

Kama waya za nyumba ni za zamani muite fundi umeme aangalie soketi kwanza, ekstensheni nyembamba zinayeyuka hizo. Ukitaka mwalimu, chuo cha ufundi cha VETA pale Chang'ombe, Dar, wanafundisha.